Jiwe Dogo la Kupeleka Tykocin

Aliyenipeleka Poland mimi, mshona mapazia wa Kensington, Johannesburg, ni jirani yangu Bibi Halina. Nyumba zetu zimeegemeana, ukuta ni mmoja, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwombea afya nikiwa jikoni kwangu. Siku niliyohamia hapa nilikuwa nimepanda stuli sebuleni, dirisha likiwa wazi, natundika pazia langu la kwanza. Nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima kutoka nje ikiniambia, "Mama, pazia lako limekaa upogo." Nilidhani ni shangazi fulani kutoka Tanga aliyekuwa anapita njia. Kugeuka, namkuta bibi wa Kizungu mwembamba, ameshika ndoo ya kumwagilia maua, ananitazama kama mkaguzi wa majengo.

Maneno yake yalinishangaza kuliko rangi yake. Upogo, yaani kombo. Marehemu bibi yangu ndiye aliyekuwa akisema hivyo. Baadaye nilimsikia akiita glasi bilauri na taa ya kubeba mkononi kandili, na kila mara moyo ulinipiga kidogo, maana mwanangu Salma, aliyezaliwa hapa Johannesburg, ananielewa vizuri lakini hunijibu kwa Kiingereza.

Ilikuwaje? Bibi Halina alizaliwa Tykocin, mji mdogo wa mashariki mwa Poland. Wakati wa vita kuu ya pili Warusi waliwapakia yeye na mama yake, Janina, katika treni ya kwenda Siberia. Kutoka huko wakapitia Uajemi, na mwisho wakafikishwa Tengeru, karibu na Arusha, palipokuwa na kambi kubwa ya wakimbizi wa Kipolandi. Mama yake alikufa hapo kwa malaria na akazikwa hapo hapo. Halina akalelewa katika nyumba ya yatima ya kambi, akajifunza Kiswahili kwa watoto wa jirani, kisha akaletwa Afrika Kusini. Na mimi nimezaliwa Tengeru, miaka mingi baadaye, baba yangu akiwa mshonaji aliyetoka Tanga. Tulipoligundua hilo tulikumbatiana juu ya ua wa maua yake, tukayaponda yote.

Mwaka jana nilipokwenda nyumbani aliniomba nipite makaburini nimwone mama yake. Nilimwona, nikampiga picha, na pale miguuni pa kaburi nikaokota kijiwe cheusi, kile cha mlima Meru, cha kuenea kiganjani. Bibi Halina alikipokea kwa mikono miwili. Akaniambia anachotaka ni kimoja tu: kijiwe kile kikae juu ya kaburi la dada wa mama yake, Wanda, huko Tykocin, ili ndugu hao wawili wakutane. Angekipeleka mwenyewe, ila daktari alimkataza kupanda ndege.

Na hapo kulikuwa na kikwazo. Wanda hakuchukuliwa na treni ile kwa sababu siku hiyo alikuwa kijiji kingine. Aliishi miaka yote Tykocin akimngoja dada yake, na alipoambiwa dada amekufa, akaanza kumngoja mtoto. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho Halina aliahidi kwenda. Hakwenda. "Niliogopa, Mama Salma," aliniambia. "Sura yake sikuikumbuka. Niliona nitakwenda kulia kitandani pa mtu nisiyemjua." Tangu hapo Krystyna, binti wa Wanda, hakupokea tena simu yake. Kaburi liko mikononi mwa Krystyna, na bila yeye kukubali, jiwe halina pa kukaa. Kwa hiyo nilikuwa natumwa nikamlainishe mwanamke aliyekasirika miaka mingi, kwa lugha nisiyoijua. Nikakubali. Mtoto wa Bibi Halina aliye Australia akakata tiketi.

Ijumaa kabla ya kuondoka, baada ya sala, nilipita Mayfair kwenye duka la Msomali mmoja ninayemnunulia vitambaa, nikamwomba koti. Aliposikia Poland alikwenda nyuma ya duka akarudi na koti lililonifika vifundoni. Akasema huko hata jua lenyewe hutoka limevaa koti. Nilicheka sana, maana nje mijakaranda ilikuwa imechanua na watu walikuwa wanatafuta kivuli.

Uwanja wa ndege Johannesburg, mkoba wangu ulisimamishwa. Askari alitoa soksi, akatoa jiwe ndani ya soksi, akaniuliza, "Mama, hiki ni nini?" Nikamjibu ni jiwe. Akauliza kama ni la thamani. Nikasema ni la kaburini. Alilirudisha kwa vidole viwili, akaifunga soksi vizuri kuliko nilivyoifunga mimi, akanitakia safari njema.

Doha nilibadilisha ndege, nikafika Warsaw mchana. Sina mengi ya kusimulia kuhusu Warsaw kwa sababu niliiona kupitia dirisha la treni, na dirisha lilikuwa na ukungu. Baada ya Warsaw yalikuja mashamba yaliyolimwa yakabaki meusi, misitu ya miti mirefu myembamba, tena mashamba. Mama mmoja mbele yangu alinitazama kituo hadi kituo, kisha akafungua kopo akanipa kipande cha keki ya tufaha. Bialystok nikapanda basi. Jioni ikiingia, dereva akanionyesha kwa mkono kwamba safari yangu imeisha.

Tykocin unauzunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Katikati kuna uwanja mpana wa soko wenye mawe, na sanamu ya jemadari wa zamani aliyesimama juu ya nguzo. Nyuma yake ni kanisa la rangi ya maziwa lenye minara miwili, na nyuma ya kanisa unapita mto Narew, polepole, kama usio na haraka ya kufika popote. Nyumba nyingi ni za mbao, za ghorofa moja. Lakini mimi niliangalia madirisha. Jamani, madirisha. Kila nyumba, hata iliyochoka, ina pazia jeupe la kufuma kwa mkono: ndege, majani, mawaridi. Nilisimama mbele ya dirisha moja nikihesabu vishimo, mpaka mwenye nyumba akatokea kuona nina shida gani.

Mwenyeji wangu alikuwa Beata, mama wa makamo aliyefanya kazi Ireland miaka mingi akarudi kufungua nyumba ya wageni. Kiingereza chake kilinipa tabu mwanzoni, kisha kikanipa raha. Nilipomwambia sili nguruwe, aliwaza kidogo, akanipikia keki ya viazi vilivyokwaruzwa, iliyookwa mpaka juu ikawa kahawia, na malai chachu pembeni. Nilikula hadi nikaona haya, kisha haya ikaisha nikaendelea kula.

Asubuhi iliyofuata alinitembeza. Aliniambia zamani mashua zilipakia nafaka na mbao hapa zikateremka mtoni hadi baharini, wafalme walikuwa na ngome ng'ambo ya mto, na mji ulijiona mkubwa. Kisha reli ilipojengwa ikapita mbali, na Tykocin ukabaki ulivyo. Beata alisema hivyo bila uchungu, akidai kwamba treni ingefika, nyumba zote hizi zingebomolewa na yeye asingekuwa na wageni. Juu ya nguzo za umeme niliona viota vikubwa vya vijiti, vitupu. Nikauliza wenyewe wako wapi. "Kwenu," alijibu. Ni korongo, kila mwaka baridi ikikaribia huruka kwenda Afrika. Nikamwambia basi tumepishana njiani, na wao ndio wenye akili.

Upande wa magharibi wa mji ni sinagogi kubwa la mawe, ambalo sasa ni jumba la makumbusho. Ndani, kuta zimeandikwa sala kwa herufi za Kiebrania kuanzia juu hadi usawa wa macho, ili anayesali asome ukutani. Nikakumbuka msikiti wetu na aya zake. Beata akanieleza kwamba upande huu wote ulikuwa wa Wayahudi na ule wa kanisa ulikuwa wa Wakristo, na waliishi hivyo karne kadhaa wakiuziana samaki, ngano na vitambaa. Vita ilipokuja, Warusi walichukua watu kuwapeleka Siberia. Baadaye Wajerumani waliwakusanya Wayahudi wote pale uwanjani, wakawapeleka msituni wakawaua. Nusu ya mji ilikwisha hivyo. Nyumba zao bado zipo na mapazia yamo, ila ni mapazia ya watu wengine. Tulirudi nikipita dirisha baada ya dirisha bila kuhesabu vishimo.

Uwanjani palinichangamsha tena. Palikuwa na meza za wauza maua toka kona hadi kona: vyungu na vyungu vya maua ya krisanthemamu, ya manjano, meupe, ya zambarau, manene kama vichwa vya kabichi. Kando yake taa za vioo zenye mishumaa ndani na vifuniko vya dhahabu. Watu walibeba vyungu kwa kukumbatia, wengine wawili wawili. Nikasema moyoni, hawa ndio watu, hawatembeleani mikono mitupu. Nilikuwa nimepanga kwenda kwa Bibi Krystyna mchana huo, Beata akiwa mkalimani. Kwetu nani huenda kuomba jambo zito bila kubeba chochote? Beata alipoingia benki, mimi nikachagua chungu kikubwa kuliko vyote, cha maua meupe, na taa mbili za kioo. Muuzaji aliniongezea na kiberiti. Beata alipotoka akaviona akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nimefanya jambo jema. Yeye alidhani nakwenda navyo makaburini. Mimi nilidhani ananisifu kwa adabu.

Mchana tukasimama mlangoni kwa Bibi Krystyna, nyumba ya mbao yenye pazia la mawaridi. Nilibisha, nikasema hodi kwa mazoea. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mrefu wa zaidi ya miaka sabini, aproni imefungwa barabara. Beata alikuwa bado anafunga geti nyuma yangu. Nikatabasamu kwa meno yote, nikamsukumia kifuani chungu cha maua meupe na taa mbili za mishumaa, nikatamka maneno pekee ya Kipolandi niliyofundishwa na jirani yangu, pamoja na jina lake: "Kutoka kwa Halina."

Rangi ilimtoka. Aliangalia maua, akaangalia taa, akaniangalia mimi. Nyuma yangu nikasikia Beata akivuta pumzi kama aliyekanyaga msumari. Alinikimbilia, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba maua yale, katika Poland nzima, hupelekwa kwa maiti tu. Taa pia. Kesho kutwa ni Sikukuu ya Watakatifu Wote, ndiyo maana mji mzima unanunua. Mtu mzima ukimpelekea mlangoni ni kumwambia kaburi lako li tayari, unangoja nini.

Nilitamani ardhi ya Tykocin inimeze na koti langu. Nikaanza kuomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono. Nilimwambia Beata amweleze kwamba kosa ni langu peke yangu, Halina hajui lolote, mimi ni mshona mapazia tu na niliona watu wamebeba nikadhani ndivyo wanavyotembeleana. Beata alitafsiri haraka. Bibi Krystyna alisikiliza yote mdomo umefungwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kicheko cha mtu ambaye hakutaka kucheka. Alisema kitu, Beata akanitafsiria: "Miaka yote hii nilimngoja Halina alete maua kwa mama yangu. Sasa ameleta, lakini amekosea anwani."

Akavua aproni, akavaa koti. Kwa kuwa ni maua ya wafu, alisema, twende tukawape wenyewe. Njiani alibeba chungu yeye, hakukubali kusaidiwa, na kila jirani aliyekutana naye alimsimulia kisa changu. Sikuhitaji mkalimani kujua. Walinitazama, wakashika vifua wakicheka, nami nikawapungia mkono.

Makaburini watu walikuwa na ndoo, brashi na sabuni. Hapo ndipo nilipowapenda kabisa. Wanayasugua makaburi kama tunavyosugua vyombo kabla ya Idi, wanafagia majani, wanagombana nani aliacha ufagio wapi. Kaburi la Wanda lilikuwa jiwe la kijivu lililolazwa, safi tayari. Majina ya wazazi wake yalikuwa juu, la Wanda chini kabisa, na katikati palikuwa pamebaki nafasi tupu, laini. Nilidhani ni mtindo wa fundi. Bibi Krystyna alipangusa nafasi ile kwa kiganja, akamwambia Beata aniambie. Mama yake ndiye aliyeagiza iachwe. Ni ya Janina, dada yake. "Kila mwaka nasugua mahali pasipo na mtu," alisema. "Nilimchukia Halina kwa ajili ya hapa."

Nikatoa soksi mkobani. Nikatoa jiwe. Nikamwambia Beata aseme taratibu, asiruke neno: hili limetoka miguuni pa Janina, Tengeru, ambako mimi nimezaliwa. Kaburi lake ni safi, watu wa kwetu wanalitunza, mlima unaonekana ukisimama pale. Na Halina hakuja kwa sababu aliogopa, si kwa sababu alisahau.

Bibi Krystyna hakulipokea. Alilitazama mkononi mwangu muda mrefu. Akasema wao huweka mishumaa. Mawe waliweka wenzao, Wayahudi wa upande ule wa mji, na siku hizi hakuna aliyebaki wa kuwawekea. Sikujua kama anakataa. Mkono ulianza kuniuma kwa baridi, na moyo pia, nikiwaza nitamwambia nini bibi wa watu.

Basi nikafanya kitu kimoja ambacho sikukipanga. Nikatoa simu nikampigia Bibi Halina kwa picha. Alipokea upesi, kumbe alikuwa ameishika mkononi tangu asubuhi. Nikamwambia, "Bibi, sema na ndugu yako," nikaigeuza simu. Uso ule mdogo wa Kensington ukaanza kuzungumza Kipolandi, ukisitasita, machozi yakidondoka kwenye kidevu. Sikuelewa neno. Nilimwangalia Krystyna. Alikuwa amekunja uso, kisha uso ukakunjuka, kisha akashika mdomo kwa mkono. Beata naye alikuwa anapangusa macho. Nikamvuta mkono wa koti, nikamuuliza anasema nini.

"Hata si anachosema," alijibu Beata. "Ni anavyosema. Hakuna anayeongea hivyo tena hapa. Ni lafudhi na maneno ya kabla ya vita. Bibi Krystyna anasema ni sauti ya mama yake."

Nililia hapo hapo, sioni aibu kusema. Nilijua sawasawa anachosikia. Niliwahi kusimama juu ya stuli Kensington nikasikia marehemu bibi yangu akinikosoa pazia kutoka mdomoni mwa Mzungu. Halina alichukuliwa mtoto akaondoka na Kipolandi cha Tykocin cha siku ile, akaja Tengeru akachukua Kiswahili cha siku zile, na vyote viwili akavitunza. Sisi tuliobaki na lugha zetu ndio tuliozibadilisha.

Waliongea mpaka simu yangu ikalia kuomba chaji. Kisha Bibi Krystyna akanyoosha kiganja, nikaliweka jiwe, naye akaliweka pale kwenye nafasi tupu, chini kidogo, kwenye ukingo. Akaweka maua yangu upande mmoja na taa mbili upande mwingine, akanipa kiberiti niwashe mwenyewe taa ya Janina. Nikasoma dua yangu kimoyomoyo. Alisema fundi wa mawe atachonga jina baridi ikiisha.

Jioni ya sikukuu yenyewe tulirudi. Makaburi yote yalikuwa yanawaka, maelfu ya taa, watoto wakikimbia kati yake na watu wakisalimiana kama wako sokoni. Sijawahi kuona wafu waliochangamka namna ile. Nilikula mezani kwa Bibi Krystyna hadi vifungo vya sketi vikalalamika.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kwa Beata na furushi la karatasi. Ndani lilikuwa pazia la mawaridi lililokuwa dirishani kwake. Wanda ndiye aliyelifuma, katika miaka ile ya kungoja. Alisema tu kwamba mimi ndiye fundi, nitajua pa kulitundika.

Johannesburg nilitua kwenye joto na koti mkononi. Salma alinipokea kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa Kiswahili, na nikamwambia kuanzia leo ndivyo itakavyokuwa, akipenda asipende. Mjini nilikokwenda nimejifunza kwamba mtu anaweza kupoteza nyumba, mama na nchi, na bado akampa mwenzake kitu ambacho mwenzake alidhani kimezikwa. Ila ni lazima awe amekihifadhi mdomoni. Salma akasema "sharp", ndiyo "sawa" ya vijana wa Johannesburg. Tutaanzia hapo.

Alasiri nilikwenda kwa Bibi Halina na stuli yangu. Nilipima mara mbili, nikatundika lile pazia dirisha la mbele, nikashuka nikasimama kando yake. Jua lilipita katika mawaridi ya Wanda likaangukia sakafuni, juu ya viatu vyake. Alipangusa macho kwa kiganja na kusema, "Limekaa upogo."

Halikuwa upogo hata kidogo. Nikapanda tena stuli, nikaligusagusa kila upande, polepole, nikimpa muda.